Nyar Lang'o na Jiwe la Magere

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu alitusimulia kisa cha Lwanda Magere. Jioni hiyo nikaingia jikoni kwa nyanya yangu na swali.

"Kogo, mbona mlimuua Magere?"

Alikuwa anapepeta maharagwe. Akaniangalia. "Nani, mimi?"

"Nyinyi watu wa Lang'o."

"Mimi jana nilikuwa hapa nakupikia," akasema, na akaendelea na ungo wake.

Kwa miaka mingi nimesimulia hiyo stori kama kichekesho. Watu hucheka, hata mimi nilikuwa nacheka. Siku hizi nikiikumbuka nasikia ile herufi moja tu, ile *m* ya "mlimuua". Mtoto wa miaka kumi na moja alishajua kuweka mauaji ya zamani sana juu ya kichwa cha mama mzee aliyemlea, na hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Alifundishwa kisa tu.

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Mama wa baba yangu alizaliwa upande wa Kericho, akaolewa upande wa Nyakach, na kati ya nyumba hizo mbili kuna mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Kwa Waluo mke huitwa kwa jina la alikotoka: Nyar Gem, Nyar Asembo, Nyar Kano. Yeye akawa Nyar Lang'o, binti wa Lang'o, kwa sababu hivyo ndivyo Waluo huwaita majirani zao Wanandi na Wakipsigis. Hakuna aliyekusudia kumtusi. Ni jina la heshima kama majina mengine ya wake. Muuza samaki humwita hivyo, pasta humwita hivyo.

Kama hujawahi kufika Sondu, ni mji wa soko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kisii, ukishapita Ahero na Katito. Huku ni Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Kule ni Sigowet, Kaunti ya Kericho. Ukivuka Mto Sondu hujaenda mbali, umeshaingia Homa Bay. Siku ya soko wanateremka watu wa milimani na ng'ombe, kondoo na mboga, na watu wa ziwani wanapanda na samaki. Bei inaelewana kwa Kiswahili. Ni mtu akikasirika ndiyo unasikia kila mmoja amerudi kwa lugha ya mamake. Kaunti mbili zinagombania mpaka wa mji na ushuru wa soko, kwa hivyo hata mama wa nyanya anajua kwamba swali la ardhi hii ni ya nani si la wanahistoria peke yao.

Sasa kisa chenyewe, kwa asiyekijua. Magere alikuwa shujaa wa Sidho, huko Kano, zamani kabla ya Mzungu. Mkuki haukumwingia, mshale haukumwingia, maana mwili wake ulikuwa jiwe. Lang'o wakachoka kuzika vijana wao, wakabuni hila: wakampa msichana mrembo awe mkewe, eti ishara ya amani. Wazee wakamkanya Magere, hakusikia. Siku moja akaugua, akamwambia yule mke amchanje dawa, lakini asichanje mwili, achanje kivuli. Msichana akapitisha wembe kwenye kivuli na damu ikatoka. Usiku akatoroka hadi kwao akawaambia alichokiona. Vita vilivyofuata, Lang'o hawakulenga mwili tena. Mkuki ukachoma kivuli, Magere akaanguka, akageuka jiwe.

Jiwe lipo, huko Sidho, na watu huenda kulitazama. Wawindaji walikuwa wakinolea mikuki yao pale, wakiamini kwamba mkuki uliotiwa makali kwa Magere haukosi windo. Hilo ndilo jiwe letu la kumbukumbu ya vita vya mpakani, la zamani kuliko bango lolote la serikali, na halikuhitaji waziri aje alizindue.

Angalia nani ana jina katika kisa hiki. Shujaa ana jina, ukoo wake una jina, mahali alipoanguka panajulikana. Msichana, kila mara niliposimuliwa, alikuwa binti wa Lang'o tu. Nyar Lang'o. Mwalimu wetu alifunga somo kwa methali: kikulacho ki nguoni mwako. Na kinachokula mtu nguoni, kama unavyojua, ni chawa.

Nimejaribu mara nyingi kumtetea huyo msichana, na kila mara utetezi wangu unafika nusu njia. Nusu ya kwanza ni rahisi. Ndugu zake walikuwa wanakufa. Mwanamume akiingia peke yake kwenye kambi ya adui, akakaa huko miezi, akagundua siri na kuirudisha kwao, tunampa jina la barabara. Huyu aliingia bila silaha, akalala kando ya mtu aliyewaua kaka zake, na aliporudi alikuwa ameokoa vijana wangapi wa kijiji chake. Ukiketi kwenye nyumba ya mama yake, huyo ndiye shujaa wa hadithi nzima.

Nusu ya pili ndiyo inanishinda. Magere alikuwa mgonjwa. Alimpa wembe kwa mkono wake mwenyewe, akamwonyesha mahali pa kukata. Mtu akikuamini akiwa hoi kitandani, ukachukua imani hiyo ukaifanya mkuki, umemsaliti, hata kama vita vyenu vilikuwa vya haki. Siwezi kusema vingine kwa sababu tu nyanya yangu ana jina kama lake. Kwa hivyo yote mawili ni kweli: aliwaokoa watu wake na alimsaliti mumewe. Jiwe la Sidho limeshika moja tu, kwa sababu liko Sidho.

Na upande wa pili nao wana jiwe lao. Panda hadi Nandi Hills utakuta kaburi na makumbusho ya Koitalel arap Samoei, orkoiyot aliyeongoza Wanandi dhidi ya Waingereza na reli yao. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano uliosemwa kuwa wa kuzungumzia amani. Hapo hapo akapigwa risasi akafa. Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa amewekewa mtego. Wanandi wanasema, na naamini wanasema kweli, kwamba Koitalel aliuawa mkono ukiwa umenyooshwa kusalimia. Bakora zake za uongozi zilikwenda Uingereza, zikakaa huko karne nzima, zikarudishwa mwaka 2006.

Nilitembelea Nandi Hills nikiwa mtu mzima, na nikiwa njiani kurudi ndipo nilipoona kitu ambacho tangu siku hiyo hakijanitoka. Weka mawe hayo mawili kando kwa kando. Mmoja aliuawa kwa ndoa, mwingine kwa salamu. Hakuna kati yao aliyeshindwa vitani uso kwa uso. Wote wawili walimalizwa na kitu kilichokuja kikiwa kimevaa amani. Mtoto wa Kano na mtoto wa Nandi wanakua kila mmoja na jiwe lake, wala hawajui kwamba wamesoma somo moja: anayekuletea amani, mwangalie mikono. Halafu hao watoto wawili wanakutana Sondu, mji ambao hauna riziki nyingine isipokuwa watu wa huku kuwaamini watu wa kule angalau mpaka jioni.

Sisemi visa hivyo ndivyo vilivyochoma nyumba. Nyumba huchomwa na watu, na watu hutumwa. Oktoba 1991, Kenya ikielekea kurudi kwenye vyama vingi, mapigano yalianzia shamba la Meteitei, Tinderet, yakasambaa kwenye eneo hili la mpaka na mbali zaidi. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya miaka hiyo, na ripoti yake ilipotolewa hadharani mwaka 2002 ilionyesha mkono wa wanasiasa na wa maofisa wa utawala. Lakini wakati huo wote, ukiuliza mtu Nairobi kwa nini watu wanachomana kule, jibu lilikuwa tayari: hao wamepigana tangu zamani. Hiyo ndiyo kazi nyingine ya jiwe la kale. Mwenye kiberiti anaweza kujificha nyuma yake.

Mwishoni mwa 2022, na tena 2023, ikawa zamu ya Sondu. Watu waliuawa. Nyumba zilichomwa. Barabara ile ya Kisii, ambayo magari hayakauki, ikafungwa kwa mawe. Mimi nilikuwa Nairobi, nikifuata habari kwenye simu kama wengine, nikimpigia shangazi kila baada ya saa moja.

Nyanya yangu hakuguswa, na nashukuru. Kilichompata ni kidogo, hakiwezi kuingia kwenye ripoti ya tume yoyote. Ana dada yake upande wa pili, na kwa miaka yote wamekuwa wakipigiana simu jioni, kwa Kikipsigis, kwa sauti ya juu, kama wazee wanavyoongea na simu. Wiki hiyo ya mapigano jirani mmoja, kijana ambaye amekula kwetu mara zisizo na hesabu, alisimama kwenye ua akamsikiliza, kisha akauliza, "Dani, unawaambia nini?"

Dani ni nyanya kwa Kiluo. Aliuliza kwa adabu kabisa.

Kogo akaanza kwenda nyuma ya choo kupiga simu. Baadaye akaona hilo ni baya zaidi, kwamba mzee anayejificha na simu anazidi kufanana na mtu mwenye siri. Akaacha kupiga. Akaniambia mimi nimwandikie dada yake ujumbe kwa Kiswahili, halafu nimsomee majibu. Kwa wiki tatu nikawa mkalimani wa dada wawili wanaozungumza lugha moja. Siri nilizopitisha mpakani ni hizi: ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Mguu unauma lakini si sana. Mjukuu amefika nyumbani salama. Mungu yupo.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya jikoni nikiwa darasa la tano. Kisa kilishamwandalia nafasi kabla hajaolewa, na hakuhitaji kufanya lolote kuijaza. Katika nchi ya mpakani, anayejua lugha mbili, mwenye ndugu pande mbili, ndiye mtu pekee anayeweza kubeba ujumbe wa amani. Ndiye pia wa kwanza kushukiwa. Ukimchagua msichana asiye na jina kuwa sura ya usaliti, umeshawashuku wote wanaofanana naye, hata wale ambao hawajazaliwa.

Basi tufanye nini na mawe?

Wapo wanaosema tuyaache yote yalale, tusahau. Nawaelewa. Tatizo ni kwamba kutokuwa na jiwe si kusahau. Sondu hakuna mnara wa waliokufa 1992 wala 2023, lakini niamini, watu wanakumbuka. Wanakumbuka kwa kujua ni kibanda cha nani hawanunui tena. Kumbukumbu isiyo na mahali pake hubaki mdomoni mwa yeyote mwenye sauti, na usiku wenye sauti ni walevi na wagombea viti.

Wengine wanataka jiwe la upole: njiwa, mikono miwili iliyoshikana, na maandishi kwamba hapa watu waliuawa, amani idumu. Soma tena hilo neno, *waliuawa*. Kiswahili kinatupa mlango mzuri sana wa kutokea. Waliuawa na nani? Kitenzi kimefungwa kwa heshima, aliyeua ametoka kwa mlango wa nyuma. Serikali yoyote itafadhili jiwe kama hilo, hasa serikali ambayo maofisa wake wametajwa kwenye ripoti.

Huko Denver, Marekani, mnara wa wanajeshi uliwekwa mwaka 1909 mbele ya bunge la jimbo la Colorado. Kati ya vita walivyopigana hao wanajeshi uliorodhesha Sand Creek. Lakini Sand Creek hapakuwa na vita. Tarehe 29 Novemba 1864 wanajeshi waliivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho walioamini kwamba wako kwenye amani, wakaua watu wengi, zaidi wanawake, watoto na wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wabunge walitaka kulifuta jina hilo kwenye mnara. Wazao wa waliouawa ndio walioomba lisifutwe. Walitaka uongo ubaki hapo na ukweli uwekwe kando yake, ili msomaji asome vyote viwili, na mwaka 2002 kikawekwa kibao cha kusahihisha. Karibu na kwetu, huko Lari, ambako mwaka 1953 watu wa eneo moja walichinjana, Mau Mau na walinzi wa serikali, kuna makumbusho madogo ya amani yaliyowaleta pamoja watu waliokuwa pande zote mbili. Hawakungoja kukubaliana juu ya kila kitu.

Kwa hivyo sitaki mtu aguse jiwe la Magere. Ni letu, na ni zuri. Nataka lipate mwenzake.

Hapo rafiki yangu mmoja aliniuliza, na lilikuwa swali la haki: hilo jiwe la pili litasema "sisi" kwa niaba ya nani? Vijana walioshika mapanga 2023 wana majina, wapelekwe mahakamani. Wewe ulikuwa Nairobi. Nyanya yako alikuwa anapepeta maharagwe. Ukisema *tuliua* utakuwa umerudia kosa lako la darasa la tano, ila sasa unajiwekea mwenyewe.

Nimelifikiria sana. Nadhani tofauti iko hapa. Hatia hairithiwi, na Kogo hakumuua Magere. Lakini mimi husema "tulikuwa na Magere" bila kuona haya, na kijana wa Nandi Hills husema "tulipigana na Mzungu zaidi ya miaka kumi" bila hata babu yake kuwa amezaliwa. Hiyo *tu* ya sifa tumeirithi wote kwa furaha. Huwezi kurithi ng'ombe ukakataa madeni. Nikiitaka *tu* ya ushujaa, sina budi kuikubali na *tu* ya siku tulipofanya ubaya. Sisemi nifungwe kwa ajili yake. Nasema niisimulie vile vile, kwa sauti ile ile, kwa watoto wale wale. Ninachorithi ni kisa, na kisa kina jukumu lake: kila anayekisimulia anachagua nani apewe jina.

Jiwe la Sondu ningetaka liandikwe kwa Dholuo, Kikipsigis na Kiswahili, na kila lugha iandike kile watu wake walichowafanyia wengine, si kile walichofanyiwa. Waluo waandike "tuliwachomea", Wakipsigis waandike "tuliwachomea", na kwa Kiswahili, lugha ya ofisi na ya jukwaa la kampeni, iandikwe ni akina nani waliolipia petroli. Najua halitajengwa karibuni. Hakuna diwani atakayeomba kura kwa jiwe kama hilo.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, nikamweleza Kogo mambo haya yote, pamoja na kumwomba msamaha kwa lile swali la jikoni. Halikumbuki. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kisa hiki sijawahi kusikia mtu akiliuliza.

"Yule msichana alipofika kwao usiku," akasema, "walimpokea?"

Nikamwambia kisa hakisemi.

"Alikuwa ameshaolewa," akasema. "Huenda alikuwa na mimba."

Akaniomba simu yake. Akampigia dada yake, pale pale uani, kwa Kikipsigis, kwa sauti ya juu.